Mshipi Nilioruka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilitamani jambo moja: kuvua sato kwa mkono wangu, nimpelekee mama nyumbani Kamachumu na kumwambia huyu ni wangu. Kwa hiyo baba alipokubali kwenda kukaa ziwani siku mbili na mimi na kaka yangu Projesti, nilichimba nyungunyungu wa chambo hadi kucha zikaniuma.

Tulifunga turubai chini ya genge, karibu na maji. Mwenyeji wetu alikuwa Ta Kalisti, yaani mzee Kalisti, rafiki wa baba, aliyevua tangu ujana wake. Alitafuna buni kavu, akatema moja majini kwa ajili ya Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, kisha akafanya ishara ya msalaba. Baba akacheka.

"Kalisti, wewe unasali kotekote."

"Ziwa ni pana, ndugu yangu."

Jua lilikuwa kali. Nikakimbilia kopo langu la chambo, nikaruka fimbo ya mshipi iliyolazwa mchangani.

"Wee binti!" Ta Kalisti akapiga kelele. "Mwanamke haruki mshipi! Sasa utaona."

Nikaona kweli. Ndizi zilikuwa hazijaiva jikoni mvua ilipotupiga kutoka upande wa visiwani, turubai likang'oka. Nikaambiwa niruke tena, kinyumenyume, kuondoa mkosi. Nikaruka huku nalia kwa hasira. Mvua ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena. Kila wingu lilipokuja, Ta Kalisti alinitazama mimi.

"Kaa pale jikoni kwanza," baba akasema. "Utavua hali ikitulia."

Jiko lilikuwa mafiga matatu na moshi. Nilikaa hapo hadi mchana wa siku ya pili. Nilimwona Projesti akiruka ile fimbo mara nne kufuata nyungunyungu wangu, na hakuna aliyemkemea.

"Baba, mbona na Projesti ameruka!"

"Huyo ni mwanamume," Ta Kalisti akajibu. "Mugasha hana neno naye."

"Usiunguze ndizi, mama mvua," Projesti akanitania.

Mwishowe jua likatoka, baba akanipa fimbo. Haukupita muda, mshipi ukavutwa. Nilimwona sato wangu, mgongo uking'aa juu ya maji! Ngurumo ikapiga mbali, na Ta Kalisti akaninyang'anya fimbo.

"Lete, kabla hatujapata balaa!"

Akavuta kwa pupa. Mshipi ukakatika.

"Si nilisema mimi?" akamwambia baba. Baba akaanza kufungua kamba za turubai. Tulirudi na sato watatu, wote wa Projesti.

Sasa nina miaka kumi na saba. Najua mvua za kwetu huja na kuondoka zenyewe, uruke usiruke. Nilipokuwa kidato cha pili mama aliugua, na baba akasema nikae nyumbani kwanza. Nilikuwa nimeshasikia hayo. Mama alipona zamani, Projesti anasoma chuo Bukoba, mimi bado niko jikoni. Simchukii baba. Nadhani naye anasubiri hali itulie.

Juzi Projesti alikuja likizo, akalaza fimbo yake ya kuvulia njiani, kati ya jiko na nyumba. Nilikuwa na ndoo ya maji kichwani. Nikaizunguka, nikapita kwenye tope hadi vifundoni. Nilipofika upande wa pili ndipo hasira ikanishika, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, nami sikuwa nimeruka chochote.