Kisanduku cha Mvua na Sauti ya Mama Mkwe

Nani alinituma nifanye ujanja, sijui. Nilikuwa na hali yangu njema Chake Chake, natengeneza redio na simu, mpaka nikabuni kisanduku cha mvua. Unakiweka juani kando ya karafuu ulizoanika, tone la kwanza likigusa kibati cha juu, kinapiga kelele: "Mvua! Anueni!" Mwenye karafuu anatoka mbio kukunja majamvi yake.

Sauti ile ilikuwa ya mama mkwe wangu wa Pujini. Kwa kuita watu waanue hana mpinzani. Akifungua kinywa, hata shamba la tatu wanakimbia. Nilimrekodi kwa siri nyuma ya jiko, nikaikaza sauti kidogo isitambulike. Mie hata kula mbele yake naona haya, seuze kumuuza sokoni! Akijua, nilijiambia, mke wangu anarudi kwao siku hiyo hiyo.

Programu nayo nilijisifu kwamba nimeitoa kichwani. Uongo mtupu. Niliichukua mtandaoni, ya bure, nikaongeza vipande vyangu. Mwalimu mmoja wa sekondari akanunua kisanduku, akakifungua, maana mikono yake haitulii, kisha akaja kunieleza kwa upole kuwa leseni ya programu ile ina masharti. Ukiuza kifaa chenye programu hiyo, mnunuzi ana haki ya kupata maandishi yake yote, yale maagizo yanayoiendesha, pamoja na uliyoongeza, na ruhusa ya kuyabadili atakavyo. Nikamwambia bure ni bure. Akasema hata bure ina adabu zake. Nilichukia, kwa sababu alisema kweli.

Basi nikachapisha kurasa sitini kwa kila mnunuzi. Ndani mlikuwa na vikumbusho nilivyojiandikia mwenyewe, na sikuvifuta. Uvivu, na kiburi: nani Pemba hii atakaa asome takataka zile?

Mke wa mnunuzi mmoja wa Vitongoji anauza njugu sokoni Chake. Karatasi nzuri kama zile za kufungia njugu angezitupa?

Wiki haikwisha, mama mkwe akaingia dukani kwangu. Njugu alishazimaliza, karatasi yenye jina la duka langu akainyoosha mezani, akanisomea mwenyewe, taratibu: "Sauti ya mama mkwe. Irudiwe mara tatu tu, ikizidi kuku watahama."

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliomba radhi mpaka ulimi ukakauka, nikamweleza yote, sauti, leseni na masharti yake. Yeye alisikiliza, mkono mmoja ndani ya kanga. Mwisho akauliza kama ni kweli kila mwenye kisanduku ana ruhusa ya kukibadili. Nikasema ndiyo. Akataka kimoja. Nikampa kwa mikono miwili, na kurasa zake sitini, akaenda zake. Mke wangu hakuambiwa kitu, na mie nikashukuru Mungu.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Pujini kumwamkia. Majamvi ya karafuu yamejaa uwanja, kisanduku kipo katikati. Tone likadondoka.

"Nisamehe, mama! Nisamehe, mama!"

Sauti yangu, wallahi, na kilio chake chote. Mara saba. Majirani wakatoka mbio kuanua, mke wangu akakaa chini kwa kucheka. Kumbe mkono ule ndani ya kanga ulikuwa umeshika simu inayonirekodi, na aliyembadilishia programu ni yule yule mwalimu.

Mama mkwe alikunja jamvi lake bila haraka, akaniletea bahasha nene.

"Maandishi yake haya, mkwe wangu. Ni haki yako."