Mgeni Niliyemwalika Quito

Mimi si mtu wa kusimulia mambo ya majini. Nasoma ramani na vitabu vya nchi za watu, na jambo nisiloweza kulithibitisha huliacha lilipo. Lakini hili lilinifika mwenyewe, nikiwa mzima, macho hayana kasoro. Ukitaka kucheka, cheka. Wenzangu wa Kongowea, hapa Mombasa, walicheka kabla yako.

Mpwa wangu Mwanaisha alikuwa anaolewa Quito, mji mkuu wa Ekwado, huko Amerika ya Kusini. Mchumba wake ni mwenyeji wa mji huo, kijana mhandisi aliyesilimu, na walijuana alipokuwa akifanya kazi Nyali. Sisi jamaa wa Junda tukaalikwa, na kwa ajili ya vitabu vyangu nikapewa kazi ya kuwaeleza wageni wetu waende kutazama nini huko.

Mwenye wasiwasi alikuwa dada yangu, Bi Rukia, mama wa bibi harusi. "Nikipotea nitamuuliza nani, na kwa lugha gani?" alinambia kila tulipoonana. Naye bintiye alikwisha sema kwenye simu kwamba hatoki chumbani kwenda kuozwa mpaka mamake amfukize udi kwa mkono wake. Kwa hiyo ilikuwa lazima dada aende, na ilikuwa juu yangu kumfikisha.

Jioni moja, maghrib inakaribia, nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa nyuma ya soko la Kongowea. Wenzangu walikuwa upande wa pili wakicheza bao. Kando yangu palikuwa na bwana wa makamo, amevaa kanzu nyeupe isiyo na chembe ya vumbi. Kongowea, saa ya mikokoteni! Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza. Wewe ungejiuliza?

Nikamsalimu, akaitikia vizuri, tukaingia mazungumzoni. Nikamweleza habari ya harusi ya Quito na mpango wangu: siku ya kwanza tungepanda kilima cha Panecillo, penye sanamu la mwanamke mwenye mabawa, tuutazame mji wote chini yetu. Baadaye tungekwenda nje ya mji kwenye mstari wa ikweta.

Akatikisa kichwa. "Kilimani siku ya kwanza usiwapeleke. Mji wenyewe uko juu karibu na mawingu, na hawa wako ni watu wa pwani, watatweta. Siku hiyo wapumzike, kisha watembee polepole kwenye uwanja wa San Francisco. Siku ya pili wapitishe La Ronda, vichochoro vyake utadhani uko Mji wa Kale. Na wasiondoke bila kula njugu za sukari. Kuna mtu huzipika katika karai la shaba, amelining'iniza kwa kamba juu ya makaa, analibembeza kama mtoto."

"Umewahi kufika?" nikamuuliza.

"Hupita," akasema.

Sasa, kwetu kuna ada moja. Ukitaja harusi yenu mbele ya mtu, umemtia hamu ya pilau, na kumwacha bila kumwalika ni kumvunjia heshima. Kwa kawaida wewe husema karibu, mwenzako hushukuru, yakaisha. Yule bwana hakungoja.

"Na mimi je? Umenialika au umenisimulia tu?"

Nikacheka. Quito si Likoni, mtu akavuka kwa feri. "Umealikwa, bwana wangu. Njoo na watu wa nyumbani kwako."

"Kwa kauli yako?"

"Kwa kauli yangu."

Adhana ikaanza. Nikainama kuweka kikombe chini, na nilipoinua kichwa hayupo. Muuza kahawa akaja anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Bwana Ramani! Watu wamekwisha Mombasa hata unamweleza paka habari za Amerika?"

"Paka gani?"

"Huyo wa rangi ya chungwa aliyekaa ubavuni mwako. Tena umemwalika! Wallahi tumesikia sote. Sisi binadamu je, kadi zetu ziko wapi?"

Nyumbani sikusema neno. Bi Rukia angelisikia hilo, ndege asingeipanda.

Lakini mpango niliubadilisha, niamini. Tulipofika Quito, watu wangu nikawapumzisha. Wageni wengine, waliotoka Malindi, walipanda kilima siku ile ile, wakarudi wameshika vichwa.

Asubuhi ya harusi nikawatoa watu kidogo, twende San Francisco tukatazame njiwa na maduka ya vitambaa. Nilipogeuka, dada hayupo. Simu yake ilikuwa imebaki kitandani. Tulimtafuta uwanja mzima na mitaa ya jirani, tukarudi mikono mitupu. Nyumbani kwa bwana harusi sheikh alikuwa amefika, wageni wamekaa, na juu chumbani Mwanaisha alikuwa akilia mbele ya chetezo kisicho na moto. Nilisimama langoni nikiitazama njia.

Mara huyo Bi Rukia, anakuja zake bila haraka, mkononi ana pakiti ya njugu nyeupe za sukari.

"Dada! Ulikuwa wapi?"

"Nilipotea. Bahati yangu yule rafiki yako akaniona."

"Rafiki gani?"

"Yule wa kanzu. Mtu ana adabu, na Kimvita chake kama cha marehemu bibi! Kanambia, 'Nimealikwa na ndugu yako Kongowea, kwa kauli yake.' Kanipitisha kwa muuza njugu, kanileta mpaka hapa. Kasema usimngoje, ataingia mwenyewe. Haya, nipishe, mwanangu aningoja."

Punde nikasikia harufu ya udi, kisha vigelegele.

Picha ya jamaa ninayo mpaka leo. Mstari wa mbele, kando ya kiti changu, kuna kiti kingine ambacho hakuna anayekumbuka kukiweka. Juu yake amekaa paka wa rangi ya chungwa. Mama wa bwana harusi ameapa kwamba hawafugi paka, manyoya humtia chafya.

Tangu hapo hatuozi bila yeye. Harusi ya mwisho, hapa Junda, alikuja na mke na watoto wanne, maana si nilisema mwenyewe aje na watu wake? Vijana walitaka kuwafukuza. Bi Rukia, ambaye sijapata kumweleza lolote, akawazuia, akachota sahani ya pilau.

"Wapeni minofu, si mifupa," alisema. "Mtu alinifikisha mpaka mlangoni."

Basi nawe ukienda Quito, kilima kiache siku za mbele, na njugu usizikose. Na ukiwa barazani maghrib inaingia, kabla hujamwambia mtu karibu harusini, waulize wenzako wanaona nani kando yako. Ukiwa umekwisha sema, ongeza mchele.