Neno la Daktari Juu ya Moyo wa Kabula

Nakumbuka siku moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo kama ningeweza kuifuta ningeifuta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Nkololo na kamusi ndogo mkobani. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu na malori yao, na mtu mwenye Kiingereza cha kuombea maji akaonekana mkubwa.

Kaka yangu Masanja alikuwa amefiwa na mkewe, akabaki na binti wa miaka minne, Kabula. Baadaye akamwoa Minza, msichana mpole wa Mwandoya, ambaye Kiswahili kilimpa taabu, sembuse kusoma. Kabula alimwita mayu, yaani mama, tangu wiki ya kwanza.

Mtoto akashikwa na homa. Minza akampeleka hospitali Bariadi, akarudi na dawa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Daktari alimweleza jambo kuhusu moyo, lakini alichoshika ni kwamba warudi baada ya mwezi.

Karatasi nikapewa mimi, msomi. Uani alikuwepo bibi yake Kabula, mama wa marehemu, aliyekuja kumwona mjukuu. Pembeni ya neno la moyo niliona neno nisilolijua: murmur. Nikafungua kamusi, nikakuta "nung'unika". Mistari iliyofuata sikuisoma. Nikainua kichwa kama mwalimu mbele ya darasa.

"Daktari anasema moyo wa mtoto unanung'unika."

Bibi akamgeukia Minza. "Moyo wa yatima haunung'uniki bure. Unamfanyia nini mjukuu wangu tukikupa kisogo?"

"Simfanyii kitu, mayu," Minza akajibu.

Wakati ule ningeweza kusema, "Ngojeni, huenda nimekosea." Sikusema. Utamu wa kuitwa msomi ulinifunga mdomo. Asubuhi yake Masanja akamwambia mkewe arudi kwao kwanza, mpaka wazee wazungumze. Minza akafunga khanga zake akaondoka. Mtoto hawakumruhusu hata kumshika.

Siku mbili Kabula alikataa uji. Akisogezewa, anauliza mama yuko wapi. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikambeba hadi zahanati kwa muuguzi mzee, Mama Mhoja.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Alinivalisha masikioni kifaa chake cha kusikilizia moyo, upande wa pili akauweka kifuani mwa mtoto.

"Unasikia nini?"

"Moyo unapiga. Halafu katikati kuna kitu kinavuma, kama maji yanapita kwenye mawe."

"Uigize huo mvumo."

"Mrr... mrr..."

"Basi ndiyo murmur hiyo. Sista aliyenifundisha uuguzi alituambia Walatini wa zamani waliigiza tu mvumo, wakaurudia mara mbili, mur-mur. Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalipata kwao. Maji yanafanya hivyo, nyuki wanafanya hivyo, na watu wakinong'ona ukiwa mbali unasikia hivyo hivyo. Na mtu anayelalamika chinichini, je, si sauti ile ile? Ndipo neno likabeba na lawama. Hata letu, nung'unika, litamke taratibu usikie pua inavyovuma." Akanivua kile kifaa. "Daktari aliandika sauti, binti yangu. Wewe ukasoma mashtaka, na mke wa watu amefukuzwa."

Nikaanza kulia. Akaniambia, "Hayo machozi yapeleke Mwandoya."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi damu ikamtoka mwenzangu. Nilirudi nikakiri mbele ya kaka na bibi. Kesho yake mimi na Masanja tukadandia lori la pamba. Baba yake Minza alitusema mpaka jua likapinda, na tulistahili. Minza mwenyewe alikuwa amekaa kando akichambua pamba, hainui macho. Nikampigia magoti nikamweleza kosa langu lote. Aliiweka chini pamba iliyokuwa mkononi. Kisha akauliza:

"Kabula anakula?"

Nikatikisa kichwa. Akainuka, akakung'uta pamba kwenye khanga, akaingia ndani kuchukua mzigo wake.

Mwezi ulipotimia nilikwenda na Minza na Kabula hospitali, safari hii nikiuliza kila neno. Daktari alisema moyo wa mtoto huweza kuvuma hivyo bila ugonjwa, hasa akiwa na homa. Alisikiliza tena, mvumo haukuwepo. Bibi naye, ambaye hakuwa mtu wa kuomba radhi, alimletea Minza kuku jike wa kufuga, akamkabidhi mkononi, wakaanza kuzungumza habari za mvua. Leo Kabula ana watoto watatu, na Minza ndiye wanayemkimbilia wakiumia.

Mwanangu, ukiliona neno usilolijua, usilishike kwa sehemu iliyo karibu na mkono wako. Uliza limetoka wapi, na aliyelisema alikusudia nini. Kuuliza si ujinga. Ukikosea, sema upesi, mbele ya wale wale waliokusikia, kabla mtu hajafunga mzigo. Na ukipewa kusoma karatasi ya mwenzako, kumbuka kuna maisha ya mtu humo.

Mungu akupe sikio lenye subira na ulimi wa huruma. Popote utakapoingia, watu wafurahi umekuja.