Mkeka Chini ya Goli

Kila nikipita mahali wanapochemsha ukindu wa mkeka, ile harufu ya majani na rangi hunirudisha uani kwetu Kibiti, nikiwa kidato cha sita, na mama mikono myekundu mpaka viwikoni.

Vyuo viwili vilikuwa vinanitaka kwa ajili ya netiboli: kikubwa cha Dar, na kidogo cha ualimu ambacho kocha wake alikuja mwenyewe kuniona nikifunga. Shuleni wote walisema Dar. Kaka yangu ndiyo kabisa. "Hicho kingine hata basi halisimami," alisema.

Mama akageuza ukindu sufuriani kwa kijiti. "Huko Dar wafungaji wako wangapi?"

"Wengi, mama. Nitasubiri zamu."

"Na huko kudogo?"

"Naanza mimi."

"Basi siendi Dar kumtazama mtu amekaa. Kukaa nakuona hapa hapa."

Nilicheka, maana moyoni nilishachagua.

Mechi yangu ya kwanza huko kudogo, mama alikuja na mkeka mpya, akautandika juu ya mstari, chini ya goli. Mwamuzi akampulizia filimbi. Mama akakunja miguu tu, akanigeukia.

"Wewe funga."