Kikao cha Aliyepona

Mkunga Generosa hakuwa mtu wa kununa. Akikasirika alisema, na mwaka 1994 alikasirika mwezi mzima.

Alizaliwa Kibakwe, akazalisha wanawake miaka kumi na tisa katika kituo kimoja cha afya kwenye vilima vya Mpwapwa. Pale kikao kiliitishwa mama akifa tu. Walikaa, wakatafuta wa kubebeshwa lawama, wakampata, wakaondoka. Mama akipona, kila mtu alishika hamsini zake.

Septemba, mganga wa kituo, Ebenezer, akiwa safarini, mama mmoja alijifungua, damu ikamtoka bila kukoma. Kabla Generosa hajamaliza kuita, Batuli, mhudumu wa wodi, alishamletea sindano ya kuzuia damu. Mama akapona. Ebenezer aliporudi, Generosa alimwomba wakae wote, waulizane walifanyaje, ili na zamu nyingine zijue.

"Sista, hakuna aliyekufa," Ebenezer alisema. "Tukae tuzungumze nini?"

Generosa alitoka akifoka. Yaani mpaka mtu afe ndipo wana la kujifunza!

Oktoba Batuli alikwenda likizo, Ebenezer akaitwa wilayani. Yasinta, muuguzi mgeni, alikuwa zamu peke yake mama mwingine alipotokwa damu. Sindano zilikuwa kwenye jokofu, jokofu lina kufuli, na ufunguo uko mjini Mpwapwa, mfukoni mwa mganga. Alipofanikiwa kuvunja kufuli, mama alikuwa ameshakata roho.

Batuli aliporudi kazini, kikao kiliitishwa. Wote walimkodolea macho Yasinta, naye analia tu. Generosa hakungoja kupewa nafasi. Aliwaambia wamwache huyo binti, na kama wana haya, wamuulize Batuli mama wa Septemba alipona vipi.

Batuli alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaeleza polepole kwamba kila mara daktari anapotaka kusafiri, yeye humwomba ufunguo wa jokofu, akautundika shingoni mpaka arudi. Ebenezer akakumbuka kwamba ni kweli huombwa, na hajawahi kujiuliza kwa nini.

"Miaka yote hiyo mbona hukutuambia?" aliuliza.

"Kwenye vikao vyenu mimi naleta chai, Daktari," Batuli alisema. "Nani aliniuliza?"

Generosa akampokea sinia, akalibwaga mbele ya Ebenezer, akamvutia Batuli kiti.