Karani Aliyejipa Likizo Bila Kujua

Mmenikalia kooni niandike habari za mume wa mdogo wangu, kana kwamba mkono huu ulizaliwa na kalamu. Haya. Herufi zikipinda, pindeni shingo.

Karani huyo wa masijala alikuwa na miaka kumi na mmoja bila likizo hata siku moja, na akijivunia hilo kuliko mwenye medali. "Nikitoka mimi, ofisi italala," husema. Kumbe ililala zamani, na yeye ndani. Mwili kitini, macho kwenye pangaboi, roho haijulikani iko mtaa gani. Ukimwamkia, anakujibu, "Weka hapo." Siku moja aligonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye leso ya mkubwa wake. Mkubwa akaitia mfukoni, maana naye roho yake haikuwepo vilevile.

Mkewe alikuwa na neno moja tu. Binti yao anahamia ng'ambo mwisho wa mwezi, na mjukuu wao wa kike, miaka mitatu sasa, babu hajamtia machoni.

"Mume wangu, mtoto atakujua kwa picha, kama marehemu."

"Sawa, sawa," akasema, huku anafunga viatu aende kazini.

Mke hakubishana. Alimwendea tarishi wa ofisi, mwanamke mwenzake, wakajaza fomu ya likizo, wakaichomeka kwenye lundo la barua za asubuhi. Karani akatia sahihi, akagonga muhuri, akampelekea mkubwa. Mkubwa naye akatia sahihi. Wasomi hao!

Jumatatu mlinzi akamzuia getini.

"Mzee, uko likizo. Siku ishirini na nane."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe. Si sahihi yako hii?"

Akafunga safari amenuna. Kwa binti alimpakata mjukuu, roho iko masijala. Mwisho akampigia tarishi simu.

"Ofisi inaendeleaje?"

"Vizuri mno, kaka! Barua za wiki tatu zilizolala mezani kwako zimetoka zote leo."

Akakata simu. Mjukuu akamshika kidevu. "Babu, nimekwambia nini?"

Karani akaona haya. "Sijui, mama. Niambie tena."

Mtoto akaanza upya hadithi ya paka, ndefu kuliko foleni ya pensheni. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza na rangi ya paka.

Basi. Wewe unayesoma hapa saa za kazi, nakujua. Nenda kaulize una siku ngapi, ujaze fomu, kisha uniletee niione. Kusoma najua.