Kicheko Nilichokuwa Nakikata

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyopewa makavu mbele za watu, na hadi leo nashukuru. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mdomo mrefu, najiona najua kila kitu kwa sababu nilisomea Kifaransa Bukavu. Vita vya Congo vilikuwa vimeturudisha Rwanda, mimi na mama, tukapanga chumba hapa Gihundwe. Mjomba alikuwa na chumba cha video, akanipa kazi: kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yale yaliyokuwa yanasemwa kwa Kifaransa.

Kila alasiri tuliweka kaseti za mfululizo mmoja wa zamani, wa watu wanaosafiri kati ya nyota ndani ya chombo chao. Watu waliupenda mno. Lakini hadithi zake, usiseme! Kila mara kijana mmoja anafia huko ugenini, wenzake wanamlilia, wanamzika. Halafu, dakika moja tu baadaye, kapteni na mpishi wanataniana, muziki wa furaha unapigwa, wote wanacheka, mwisho.

Kicheko hicho kilinitia hasira. Kaka yangu Dezire alibaki Congo, ng'ambo ya mto, akauawa vitani, na mwili wake hatukuupata. Sasa hawa wamemzika mwenzao sasa hivi, wanacheka nini? Basi nikajipa mamlaka. Wakishazika tu, nazima. "Imeisha," nasema, "mwende nyumbani." Na watu, maskini, wanatoka vichwa chini. Nilidhani nawaheshimu marehemu. Loo, ujana!

Mama alikuwa anakuja kila siku, anakaa benchi la mbele. Si kwamba alipenda video. Kukaa peke yake chumbani kulimshinda. Tangu habari za Dezire zifike, mwaka mzima, hakucheka, hakula vizuri, na jina la mwanawe hakulitaja hata mara moja. Nami sikulitaja. Alikonda mbele ya macho yangu, na niliogopa kwamba atamfuata.

Siku hiyo nikazima kama kawaida. Mzee Karoli, jirani yetu aliyewapikia mapadri wa Bukavu miaka mingi, na ambaye Kifaransa alikielewa kuliko nilivyodhani, hakuinuka.

"Weye mutoto," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "bado kuisha. Washa ile tena."

"Mzee, umebaki upuuzi tu. Wanacheka."

"Bacheke! Kila siku unatuingiza mu kilio, kisha unatufukuza tukiwa tungali tunalia. Kwetu muntu akikufa, siku ya kuondoa matanga si tunakunywa pombe? Si tunacheka bitu marehemu alikuwa anafanya? Kisha njo batu banaweza kurudi ku kazi." Akashusha sauti, akamtazama mama. "Dezire, nani alimuondolea matanga? Mwili haukuonekana, na ninyi mulikaa tu. Maman yako eko angali mu kilio, na weye njo unamufungia mulango."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikawasha. Safari hii nilitafsiri yote. Kapteni anamuuliza mpishi, "Leo tunakula nini?" Anajibiwa, "Maharagwe." "Jana si yalikuwa maharagwe?" "Hapana, kapteni. Jana tulikula ya jana."

Chumba kizima kikaangua kicheko, maana sisi wenyewe mwaka ule tulikula maharagwe asubuhi na jioni. Katikati ya kelele nikasikia sauti nisiyoitambua. Mama! Alikuwa anacheka, kashika mbavu, machozi yanamtoka, kisha akalia kweli kweli, na akilia hivyo hivyo akasema, "Dezire na maharagwe! Alikuwa anamupatia imbwa ya jirani, kisha anasema amemaliza!"

Mzee Karoli akamuuliza taratibu, "Na imbwa?"

"Ilinona, Mzee. Ilinona mubaya!"

Jumapili iliyofuata tuliondoa matanga ya Dezire. Majirani walikuja, tukanywa pombe ya mtama, kila aliyemjua akasimulia vituko vyake. Mama alikula sahani mbili. Akaishi miaka ishirini zaidi, na watoto wangu wote wanne aliwabeba mgongoni. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mzee, na wale waliotengeneza zile video pia, hata kama sijui walikusudia nini.

Mwanangu, ukifiwa, lia, usijikaze bure. Lakini mtu akicheka msibani, usimkaripie kabla hujajua anachekea nini. Na aliyefiwa usimlinde kwa kulificha jina la mtu wake. Litaje wewe kwanza, hata kwa utani, apate pa kuanzia. Mimi karibu nimpoteze mama kwa kunyamaza, nikidhani ni heshima.

Mungu akupe maisha marefu. Na kila kilio kitakachoingia nyumbani kwako, akuletee pia siku ya kukiondoa, na watu wa kucheka nawe siku hiyo.